Kipimajoto Husema Joto la Nani?

Nawasalimu nyote: mlio jikoni mnasubiri maharage yaive, mlio kwenye daladala mnatusikiliza kwa hisani ya dereva, na wewe mlinzi wa usiku uliyeingia zamu sasa hivi na kiredio chako mfukoni.

Leo nataka tuzungumze juu ya kupima. Si kupima viwanja, maana hayo yana wenyewe na yana kesi zake. Wala si kupima nguo kwa fundi cherehani. Tuzungumze juu ya kupima joto. Najua kuna mtu ananiuliza huko aliko: joto nalo lina nini la kuzungumziwa jioni nzima? Si unachukua kipimajoto, unakiweka, unasoma namba, basi? Nami namwomba anivumilie kidogo, kwa sababu hapo aliposema "unakiweka" ndipo penye kazi yote. Namba hata mtoto wa darasa la pili anaisoma. Kukiweka, hiyo ndiyo kazi.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Mnakumbuka mwaka 2020, siku zile za korona, ndoo ya maji na sabuni kila mlango? Na mnamkumbuka yule askari wa getini na kile kidude cheupe mfano wa bastola, anakuelekezea kwenye paji la uso, kinalia pii, anakitazama, anakuruhusu? Basi mimi nilikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, nina shida yangu ya karatasi. Saa saba mchana. Foleni imetoka nje ya geti imekwenda hadi barabarani. Mwarobaini ulikuwepo pale, tena mkubwa, ila waliowahi walikuwa wameshakimaliza kivuli chote. Mimi nimesimama juani, na kichwa changu hiki, kama mnavyokijua wale mnaonifahamu, hakina nywele za kukikinga.

Zamu yangu ikafika. Pii. Askari akakitazama kidude, akanitazama mimi. Pii tena. Nyuzi 38 na pointi zake. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu, ambaye tulikuwa tunapiga soga tangu saa tano kama tumezaliwa nyumba moja, akarudi hatua mbili. Sikumlaumu. Lakini yule askari, mtu mzima, hakupiga kelele. Akaniambia, "Kaka, hebu kakae pale kwenye kivuli kidogo." Wa kivulini wakanipisha haraka sana, maana nani anataka kukaa karibu na mwenye nyuzi 38? Nikakaa kama dakika kumi, jasho likakauka. Akaja, akanipima tena: 36.5. Akasema, "Lilikuwa jua hilo," akanifungulia geti. Karatasi zenyewe sikuzipata siku ile, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Sasa nawauliza, wasikilizaji. Mara ya kwanza kile kidude kilidanganya? Fikiria kabla hujajibu.

Hakikudanganya. Unajua ukikaribisha kiganja kwenye jiko la mkaa, bila kuligusa, unahisi joto? Ile ni miale, macho hayaioni lakini ngozi inaihisi. Kila kitu chenye joto kinaitoa, hata mwili wako, ila ya mwili ni kidogo. Kile kidude kinapokea miale hiyo kutoka kwenye ngozi na kuigeuza namba. Ngozi ya paji langu ilikuwa imeokwa na jua la saa saba. Ilikuwa ya moto kweli. Kidude kikasema kweli. Lakini askari hakuwa na haja na ngozi yangu. Haja yake ilikuwa damu yangu, ndani huko, kama ina homa. Yeye aliuliza swali moja, kidude kikajibu swali jingine. Na uzuri wa yule bwana ni kwamba alilijua hilo bila kufundishwa na profesa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Kipimajoto hakijui homa. Hakijui maji, hakijui maziwa, hakijui chanjo. Kinajua joto linalokifikia chenyewe. Nitarudia, na mnisamehe nikirudia tena mbele: kipimajoto cha kawaida hukueleza joto lililokifikia chenyewe, pale kilipo, kwa wakati ule. Yaliyobaki ni juu yako wewe uliyekishika.

Chukua kile cha kioo tulichokizoea, chenye zebaki. Nesi anakitikisa, anakiweka kwapani kwa mtoto, anakwambia, "Mama, mbane mkono, usubiri." Unasubiri nini? Unasubiri kioo na zebaki vipashwe na mwili mpaka vilingane nao. Ukikitoa upesi, kinakusomea joto la kioo ambacho bado hakijapashwa. Namba utaiona, tena imenyooka vizuri kabisa, lakini si ya mtoto. Na mtoto asipobana mkono, hewa ikaingia kwapani, unasoma joto la mwili lililochanganyika na la chumba. Namba haina alama ya kukuonya.

Kuna daktari mmoja wa Ujerumani, Carl Wunderlich, alikuwa Leipzig. Huyo ndiye aliyetuachia ile namba tunayoiimba wote, nyuzi 37, kwamba ndilo joto la mtu mzima wa afya. Alitoa kitabu chake mwaka 1868, na alisema amekusanya vipimo zaidi ya milioni 1 kutoka kwa wagonjwa kama 25,000. Wote kwapani. Na kipimajoto cha siku zile msikifananishe na hiki chetu: kilikuwa kirefu, na mgonjwa alikaa nacho robo saa, hata dakika 20, kwapa limebanwa. Hebu fikiria kumbana mtoto wa miaka mitatu dakika 20!

Zaidi ya miaka 100 ikapita watu wanasema 37, 37. Halafu daktari mmoja Mmarekani, Philip Mackowiak, akaenda kwenye jumba la makumbusho la udaktari kule Philadelphia, ambako kimehifadhiwa kipimajoto kimoja cha Wunderlich. Akakijaribu kando ya vya leo. Kikasoma juu kuliko vya leo, tena kwa zaidi ya nyuzi 1. Yeye na wenzake walikuwa wameshapima watu wazima wenye afya njema, wakachapisha mwaka 1992: wastani wao ulikuwa 36.8, na wakaona joto la mtu hushuka alfajiri na kupanda alasiri. Kwa hiyo ile milioni ya vipimo haikukisaidia kitu kile kioo. Kipimo kikiwa na kasoro, ukikirudia mara milioni unapata kasoro ileile mara milioni. Wanunuzi wa mazao wanalijua hili na mizani zao, ila wao huwa hawaendi makumbusho.

Na kwa kuwa nimeshaingia kwenye mambo ya zamani, niseme moja la kupita. Anders Celsius, yule Mswidi ambaye vipimo vyetu vinaitwa kwa jina lake, alipotengeneza ngazi yake mwaka 1742 aliipanga kinyume: maji yanachemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Alipofariki, miaka miwili tu baadaye, wenzake wakaigeuza. Vinginevyo leo tungesema mtoto ana homa kali, joto limeshuka.

Haya. Sasa tuje nyumbani.

Tuje Tanganyika, mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba. Kuna kijana wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi pale walikuwa wanatengeneza aiskrimu, au malai kama wanavyosema ndugu zetu wa Unguja. Mnachemsha maziwa, mnatia sukari, mnayaacha yapoe, ndipo mnayaingiza kwenye friji ya shule. Sasa friji ni moja na wanafunzi ni wengi. Nafasi ya trei ni ya kugombea. Siku hiyo mwenzake mmoja, ili awahi nafasi, akatia maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba anaona nafasi inakwenda, na yake ndiyo kwanza yametoka motoni. Afanyeje? Akayaingiza hivyohivyo, ya moto.

Baada ya saa moja na nusu wakaenda kuangalia. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado uji uji.

Msikilizaji, ungekuwa wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungeila aiskrimu tukanyamaza. Mpemba akaenda kumuuliza mwalimu wa fizikia: imekuwaje? Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa, haiwezekani. Mpemba akayaacha. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, akaambiwa kuwa wauzaji wanajua siku zote: ukitaka igande haraka, itie ya moto. Wenye biashara hawakuwa na habari na fizikia, walikuwa na wateja wanaosubiri.

Akapanda masomo ya juu, shule ya Mkwawa, kule Iringa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa zima likaangua kicheko, na tangu hapo akikosea hesabu kidogo tu, wenzake wanasema hiyo hesabu ya Mpemba. Mnajua utani wa bweni ulivyo. Lakini siku moja akaukuta mlango wa maabara ya biolojia uko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, moja maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya pale. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyokuwa ya moto.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Akatoa mhadhara, akaruhusu maswali. Mpemba akasimama na lile lake: bika mbili, maji sawa, moja nyuzi 35 na moja nyuzi 100, zikiwekwa kwenye friza ile ya 100 inaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakacheka, wengine wakaona aibu kwa niaba yake. Osborne hakujua jibu, na sifa yake ni kwamba alirudi Dar es Salaam akamwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akajaribu, akaja kutoa taarifa: kweli, ya moto imeganda kwanza, lakini, akasema, tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu lililo sahihi!

Mimi kipande hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mtu ana kipimo mkononi, anakiona kwa macho yake, na bado anasubiri kimpe kile anachokijua tayari. Nisimcheke sana, maana mara ngapi mimi nimepanda mizani, nikashuka, nikavua viatu, nikapanda tena?

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika makala katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, kichwa chake neno moja tu na alama ya kuuliza. Jina la Mpemba likashika. Leo dunia nzima jambo hili huitwa kwa jina lake. Mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi ya serikali huko kwenye wanyama. Na mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotangaza shindano la kutafuta maelezo bora ya jambo hili, majibu yalimiminika zaidi ya 22,000.

Sasa subiri. Usishangilie bado. Tumesema leo ni siku ya kipimajoto, na kipimajoto hatujakiona bado kwenye kisa hiki.

Nikuulize: umewahi kuoga maji ya ndoo? Umechota ya baridi, ukamiminia juu yake ya moto kutoka kwenye sufuria, ukasahau kukoroga. Kata ya kwanza inakubabua. Ukifika nusu ya ndoo unatetemeka. Ndoo ni moja! Au ugali. Umetengwa sasa hivi, unatoa moshi. Nani anaanza kumega katikati? Hata mtoto anajua kuanza pembeni. Kwa hiyo mtu akikuuliza, ugali huu una joto gani, wewe mwenye akili utamjibu: wapi? Pembeni au katikati?

Na bika ya maji ndiyo hivyohivyo. Maji yanapopoa, ya moto huelea juu, yaliyopoa huzama. Osborne aliliona hilo kwenye vipimo vyake: maji ya juu yalikuwa na joto kuliko ya chini, na upoaji ulitegemea sana lile tabaka la juu, maana huko ndiko joto linakotokea kwenda hewani. Akamiminia utando mwembamba wa mafuta juu ya maji, na kupoa kukachelewa sana. Jambo hilo mtu yeyote aliyewahi kuungua ulimi kwa supu ya kongoro hahitaji maabara kulijua. Mafuta yametanda juu, supu imetulia haitoi hata moshi, unadhani imepoa. Haijapoa!

Halafu maji yana kituko chake. Yakishuka chini ya nyuzi 4, mpango unageuka. Yale baridi zaidi sasa yanakuwa mepesi, yanapanda juu. Ndiyo maana barafu huanza usoni. Kwa hiyo ndani ya bika moja, kwa saa moja, juu na chini vinabadilishana zamu.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, wakalifungua upya jambo hili. Wakapima maji kwa nyaya. Usishangae: ukiunganisha waya mbili za metali tofauti, ile ncha ikipata joto hutoa umeme kidogo sana, na umeme huo unasomeka kama joto. Uzuri wake, ncha ni ndogo, unaiweka mahali unapopataka. Wakapima muda wa maji kupoa mpaka kufika 0. Na wakasema hawakuuona ule uwezo wa maji ya moto kuyashinda ya baridi. Ila wakaona kitu kingine, na hiki ndicho kilichonileta hapa leo. Ukikosea kidogo urefu wa ile ncha ndani ya maji, bika moja ikawa juu zaidi ya nyingine kwa sentimita 1 tu, unaweza kupata jibu la kwamba ya moto imepoa kwanza. Sentimita 1! Tazama ukucha wa kidole chako kidogo, upana wake. Huo ndio unaotosha kugeuza mshindi.

Je, basi Mpemba alikosea? Nimeshaulizwa swali hili mara nyingi, wengine wanaliuliza kwa uchungu kama vile tunanyang'anywa uwanja wa mpira. Mimi naona hivi. Wale Waingereza walipima kufika nyuzi 0. Mpemba hakuwa na waya wala ncha: alifungua friji akaangalia kilichoganda. Kufika 0 na kuganda si kitu kimoja. Maji yanaweza kushuka chini ya 0 na bado yakawa maji. Walio na friza ya nguvu dukani wamewahi kuliona hili: unatoa chupa ya maji iko laini, unaigonga mezani kidogo, inashikana barafu mbele ya macho yako. Tena ukisema "imeganda", una maana gani? Punje ya kwanza ya barafu, au tone la mwisho kuisha? Kila mtafiti amechagua lake, ndiyo maana wanabishana mpaka leo. Swali la yule kijana lilikuwa halali. Wengi waliomjibu walikuwa wanajibu swali la jirani yake.

Na nitoe dosari yangu ndogo, kwa heshima zote. Ile "nyuzi 100" ya swali lake. Iringa mjini iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana maharage ya Iringa huchelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam, kuni zilezile. Kwa hiyo maji ya nyuzi 100 hasa, kwenye bika ya wazi pale Mkwawa, hayapatikani. Ni neno la kitabuni. Nadhani angekuwa hai leo na kunisikia, angenicheka.

Basi, nimesema kipimajoto hukueleza joto lililokifikia, pale kilipo, kwa wakati ule. Pale kilipo tumepaona. Bado "wakati ule". Hapa nawageukia kina mama, na kina baba mnaowasindikiza kliniki, maana siku hizi mpo.

Chumba cha chanjo kina friji, na friji ina kipimajoto. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Nesi anafika asubuhi, anasoma, 5. Safi kabisa. Lakini jana usiku umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Kipimajoto kitamwambia? Cha kawaida hakitasema neno, kinajua sasa tu. Na chanjo iliyopata joto haioneshi. Haibadiliki rangi wala harufu. Inachomwa, mtoto analia, kadi inajazwa, na kinga hakuna.

Ndiyo maana kuanzia mwaka 1996 vichupa vya chanjo ya polio ya matone vilianza kubandikwa kibandiko kidogo. Siku moja mwombe nesi akuoneshe. Kuna duara la rangi ya zambarau, na ndani yake kijimraba cheupe. Kwenye kijimraba hicho mna dawa inayokolea rangi polepole kwa joto. Joto kidogo, inakolea taratibu. Joto kali, inakolea haraka. Na haifutiki. Ni kama daftari la mkopo la Mangi wa duka la pembeni: ulichukua sukari Jumatatu, kiberiti Jumatano, yeye anaandika tu, na siku ya hesabu yote yapo. Kijimraba kikifikia rangi ya duara, au kikalipita, kichupa hicho hakitumiki tena. Hakuna namba hapo. Hakuna betri. Muuguzi wa zahanati ya mwisho wa barabara, hata kama kichupa kimesafiri kwa boti, pikipiki na begani, anatazama mara moja na kujua safari nzima ilikuwaje.

Mimi huona hicho ndicho kipimajoto chenye akili kuliko vyote, na hakina hata kioo.

Lakini hata chenyewe, mnajua wapi kinapofushwa? Kwenye baridi. Kuna chanjo ambazo adui yao mkubwa ni kuganda, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B. Mtu kwa nia njema kabisa anakibana kichupa kwenye pakiti ya barafu iliyotoka friza, kinaganda usiku, asubuhi kimeyeyuka. Kibandiko hakikolei kwa baridi. Kijimraba kiko cheupe pee! Kipimajoto cha friji kinasoma 5. Vyombo viwili, vyote vizima, vyote vinasema kweli, na chanjo imeharibika.

Muuguzi afanye nini? Hapo wauguzi wana kipimo chao, wanakiita kipimo cha kutikisa. Anachukua kichupa kingine cha chanjo ileile, cha toleo lilelile, anakigandisha kwa makusudi mpaka kiwe jiwe, kisha anakiacha kiyeyuke. Hicho amekiharibu yeye mwenyewe, ili apate cha kulinganishia, na anakiandika wazi kisije kikatumiwa. Anakishika mkono mmoja, na kile anachokitilia shaka mkono wa pili. Anavitikisa pamoja, kwa nguvu, sekunde kumi au kumi na tano. Anaviweka sambamba mezani, karibu na dirisha penye mwanga, halafu anakaa.

Vichupa viwili sambamba, kama zile bika mbili za Mpemba. Mwanzoni vyote vyeupe kama maziwa. Kisha kile kilichogandishwa kinaanza kutua: chengachenga zinashuka, juu panabaki maji maangavu yanayopitisha mwanga. Anakiangalia cha pili. Kama bado ni maziwa, kinashuka taratibu kuliko mwenzake, anakirudisha kwenye friji. Kama vinatua pamoja, anakitoa, na sanduku zima la toleo lile lililokaa nacho anaanza kulishuku. Inaweza kumchukua nusu saa hapo dirishani. Nje kina mama wameshaanza kunung'unika, nesi gani huyu, amekaa tu anaangalia chupa.

Muda wangu umekwisha, wasikilizaji. Maharage nadhani nayo yameiva. Usiku mwema.